Upepo na Meli za Biashara

Nataka kuwaelezeni habari za upepo. Si ule ung'oao migomba na kuezua mapaa, bali upepo kama mfanya kazi wa baharini. Kazi yake ya zamani watu wa pwani waijua tangu utoto. Lakini yako mambo mapya. Wenye meli kubwa za chuma, meli zichukuazo tani 80,000 na zaidi, wameanza tena kuuita upepo uwasaidie kuendesha vyombo vyao. Mtu akisikia hayo aweza kucheka na kuuliza: Je, waliotupa tanga wakashika injini, leo warudi walikotoka? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa maneno matamu.

Kwanza na tukumbuke jinsi upepo ulivyowatumikia wafanya biashara wa Bahari ya Hindi. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, ikavileta vyombo kutoka Bara Arabu na Bara Hindi. Kisha hupita majuma ya maleleji, yaani pepo zisizo na msimamo, ndipo huja kusi, nayo huvirudisha vyombo kwao. Mwaka 1938 baharia mmoja wa Australia, jina lake Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait lililokuwa chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Alisafiri nalo kutoka Aden mpaka Unguja, wakaingia katika milango ya mto Rufiji kupakia boriti za mikoko, wakarudi Kuwait mwaka 1939. Bumu lile halikuwa na injini. Nahodha hakulipa hata senti moja kwa mafuta ya kuendeshea chombo chake. Lakini alilipa kitu kingine, nacho ni wakati. Kaskazi ilipomfikisha huku, ilimpasa kungoja majira yageuke ndipo arudi. Neno hili la kungoja tulishike, maana ndilo fundo la habari yote.

Sasa tutazame tanga lenyewe hufanyaje kazi. Watu wengi hudhani kwamba upepo husukuma tanga kama mtu asukumavyo gari la mkono. Ni kweli pale upepo utokapo tezini, yaani nyuma ya chombo. Lakini nahodha yeyote atakuambia kwamba jahazi halikimbii sana upepo ukiwa nyuma kabisa. Hukimbia zaidi upepo ujapo ubavuni. Sababu yake ni hii. Chombo kikienda pamoja na upepo, kadiri kizidivyo mbio ndivyo upepo upunguavyo juu yake. Upepo ukienda maili 12 kwa saa, na jahazi maili 7 kwa njia ile ile, tanga lapata upepo wa maili 5 tu.

Upepo wa ubavuni ni jambo jingine. Tanga likivutwa vizuri kwa demani, hujaa likawa na tumbo, mfano wa bawa la ndege. Hewa ipitayo nje, juu ya mgongo wa lile tumbo, huenda mbio kuliko ile ipitayo ndani. Na hewa iendayo mbio hukandamiza kidogo kuliko iendayo polepole. Basi tanga lililokandamizwa sana upande mmoja na kidogo upande wa pili huvutwa kuelekea kule kwenye mkandamizo mdogo. Mvuto huo wataka kukipeleka chombo mbele, na papo hapo kukitupa kando. Lakini mkuku na ubavu wa chombo hupingwa na maji, hivyo mvuto wa kando hupotea karibu wote, ukabaki ule wa mbele. Ndiyo maana jahazi laweza hata kupiga bisha, likipanda kuelekea upande utokako upepo kwa kwenda huku na huku. Mvulana wa Lamu ashikaye usukani wa mashua hajasoma maneno haya, lakini mkono wake wayajua.

Nimekaa juu ya jambo hili kidogo, kwa sababu asiyelifahamu atadhani minara na mabawa nitakayoyataja baadaye ni uchawi. Siyo. Ni tanga lile lile, limevaa nguo nyingine.

Haya, ikiwa upepo una nguvu hivyo, tena hauuzwi, tanga lilishindwaje? Wengine husema lilishindwa kwa sababu ya uzito wa mwendo. Sikubali. Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa. Siku 5 baadaye, huko Dumbarton katika Scotland, merikebu ya matanga iitwayo Cutty Sark ilishushwa majini, nayo iliundwa kuchukua chai kutoka China. Ilikuwa nyembamba na nyepesi ajabu. Usiku mmoja wa Julai mwaka 1889, karibu na pwani ya Australia, meli ya moshi Britannia, mojawapo ya meli zilizosifiwa kwa mbio, ilipitwa na taa za chombo kisichojulikana. Kulipopambazuka mabaharia wakaona kwamba ni Cutty Sark, imetandika matanga yake, yakwenda karibu maili 17 za bahari kwa saa.

Basi mbio ilikuwa nayo. Lakini mbio ya siku moja si biashara. Mfereji wa Suez uliipunguza njia ya London mpaka Bombay kwa zaidi ya maili 4,000, na merikebu ya matanga haikuweza kuutumia vema: mfereji ni mwembamba, hakuna nafasi ya kupiga bisha, na upande wa juu wa Bahari ya Sham upepo wa kaskazini huzuia vyombo viendavyo Ulaya karibu mwaka mzima. Meli ya moshi ikapita njia fupi, ya matanga ikazunguka Afrika yote. Zaidi ya hayo, meli ya moshi iliweza kumwambia mwenye mali, "Nitafika siku fulani," ikafika. Merikebu ya matanga ilisema, "Nitafika upepo ukipenda." Mfanya biashara aliyekopa fedha kununua shehena hawezi kumlipa mdai wake kwa maneno hayo. Chai ikaingia katika meli za moshi, na Cutty Sark ikaenda kuchukua sufu ya kondoo kutoka Australia, njia ambayo pepo kali za kusini zilikuwa bado bwana.

Matanga hayakufa siku moja. Mwaka 1949 merikebu Pamir, iliyoundwa Ujerumani, ilizunguka Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika, imejaa nafaka ya Australia. Nayo ndiyo safari ya mwisho ya biashara kuizunguka rasi ile kwa tanga tupu bila injini. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Septemba 1957, ikitoka Argentina na shayiri iliyomwagwa ngamani bila kutiwa yote katika magunia, ilikutwa na tufani katika Atlantiki. Shayiri ikahamia upande mmoja, merikebu ikalala, ikazama. Katika watu 86 waliokuwamo, wengi wao vijana waliokuwa wakijifunza ubaharia, waliookolewa ni 6 tu. Nasimulia haya ili msikiaji asifikiri kwamba upepo ni punda mpole. Wanaosifu siku za matanga mara nyingi hawakupanda mlingoti usiku wa mvua.

Wakati huo, hata hivyo, palikuwa na mtu aliyekwisha kuutazama upepo kwa jicho jingine. Huyo ni Anton Flettner, mhandisi wa Ujerumani. Yeye alitumia jambo lililoelezwa miaka ya 1850 na mtaalamu Heinrich Gustav Magnus: kwamba kitu cha mviringo kizungukacho katika hewa iendayo huvutwa kando. Wacheza mpira walijua hilo kwa miguu yao. Mpira upigwao kwa ukingo wa kiatu huzunguka, kisha hupinda angani ukamdanganya mlinda lango. Mwanafunzi aweza kulijaribu mwenyewe. Akunje karatasi iwe bomba, ailaze juu ya meza iliyoinama kidogo, aiache ifingirike mpaka ukingoni. Itakapoanguka haitakwenda mbele kama jiwe. Itapinda kurudi chini ya meza.

Flettner alichukua merikebu Buckau, akaondoa matanga, akasimamisha minara miwili ya chuma, kila mmoja una urefu wa karibu mita 15 na upana wa karibu mita 3. Injini ndogo iliizungusha. Upepo ukija ubavuni hukuta uso wa mnara: upande mmoja uso huo waenda pamoja na upepo, hewa ikaharakishwa; upande wa pili wapingana nao, hewa ikacheleweshwa. Na sisi tumekwisha kuona itokeapo hewa ya mbio upande mmoja na ya polepole upande wa pili: pana mvuto. Mnara mmoja wavuta mara nyingi zaidi ya tanga la nguo la ukubwa ule ule, na hakuna baharia wa kupanda juu kulikunja. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1924, na mwaka 1926, ikiwa imepewa jina jipya la Baden-Baden, meli ile ilivuka Atlantiki ikafika New York mwezi wa Mei. Watu walijazana kuitazama. Lakini mafuta yalikuwa rahisi, injini za dizeli zikazidi kuwa nzuri, na hakuna mwenye meli aliyeona haja ya kununua minara. Chombo kilikuwa sahihi. Bei ya mafuta ndiyo iliyokikataa.

Jambo hilo lilirudi tena baadaye, karibu kama mtihani uliorudiwa. Mwaka 1973 na 1979 bei ya mafuta ilipanda ghafula. Wajapani wakaunda Shin Aitoku Maru, meli ya kuchukua mafuta, iliyoshushwa mwaka 1980 ikiwa na injini pamoja na matanga magumu yaliyofunguliwa na kukunjwa kwa mitambo. Iliokoa mafuta kweli. Lakini kufika mwaka 1986 bei ilikuwa imeanguka, na matanga yakaachwa. Mwalimu wa hesabu angeuandika ubao hivi: tanga hununuliwa na bei ya mafuta.

Basi mara hii pana tofauti gani? Tofauti ya kwanza ni kwamba hakuna atakaye kurudisha merikebu ya matanga matupu kwa shehena kubwa. Injini yabaki kuwa bwana wa safari, na upepo ni msaidizi. Upepo ukivuma vema, injini hupunguzwa. Ukiwa shwari, injini hufanya yote. Hivyo lile deni la kungoja, lililowashinda wazee, halipo tena. Tarehe ya kufika yabaki ile ile, ila mafuta yaliyochomwa ni machache.

Machache kwa kadiri gani? Mwaka 2018 meli ya mafuta Maersk Pelican, ichukuayo karibu tani 110,000, iliwekewa minara miwili ya namna ya Flettner, iliyotengenezwa na Wafini wa Norsepower, urefu wake mita 30 na upana mita 5. Baada ya mwaka mzima wa kupimwa ikaonekana kwamba imeokoa asilimia 8.2 ya mafuta. Kisha Agosti 2023 meli Pyxis Ocean, ya tani 80,000 hivi, ilitoka China kwenda Brazili ikiwa na mabawa mawili yaliyosimama kama milango mikubwa, kila moja urefu wa mita 37 na nusu. Waliokuwa wameikodi, kampuni ya Cargill, walisema kwamba kwa muda wa miezi 6 iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Na siku njema zaidi ilifika tani 11.

Tufanye hesabu, maana wanafunzi wanaosikiliza wana kalamu. Chukua tani 3 kwa siku, na meli iwe baharini siku 200 katika mwaka. Hizo ni tani 600. Kila tani ya mafuta mazito ikiungua hutoa zaidi ya tani 3 za hewa ya ukaa. Msishangae kwamba moshi wazidi mafuta kwa uzito, kwa kuwa kaboni iliyo ndani ya mafuta hujishika na oksijeni iliyo hewani. Kwa hiyo meli moja yapunguza zaidi ya tani 1,800 za hewa hiyo kwa mwaka. Bei ya mafuta hubadilika, lakini mtu achukue bei yoyote ya siku, azidishe kwa 600, ataona kwa nini wenye meli wameacha kucheka.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya pili. Bidhaa za dunia zipitazo baharini, kwa kipimo, ni zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zote ziuzwazo kati ya nchi na nchi. Na meli hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazoipasha dunia moto zitokazo kwa kazi za wanadamu. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao yake London, lilikubaliana kwamba meli zifikie kutotoa gesi hizo, kwa hesabu ya jumla, karibu na mwaka 2050. Mafuta mapya yasiyo na kaboni yaweza kutengenezwa, lakini ni ghali kuliko yale ya zamani, tena huchukua nafasi kubwa melini. Na gharama ya meli haibaki baharini. Ngano, mbolea, mafuta ya taa na bati hushuka bandarini, zikapanda reli na malori, na kila senti iliyoongezwa kwenye nauli huja kukaa juu ya meza ya duka la kijijini. Kila tani ya mafuta ghali isiyochomwa ni nafuu kwa mtu ambaye pengine hajaiona bahari.

Namna za matanga mapya ni nyingi. Oktoba 2022 Wajapani walianza kuitumia Shofu Maru, yenye tanga moja gumu la nyuzi za kioo, ambalo hurefuka na kufupika kama darubini ya baharia, nalo likiisha kurefuka hufika mita 53. Wafaransa nao wana Canopée, yenye urefu wa mita 121 na mabawa manne, ichukuayo vipande vya roketi Ariane 6 kutoka Ulaya mpaka Guyana ya Kifaransa. Siwezi kujizuia kusema neno moja juu ya Shofu Maru: shehena yake ni makaa ya mawe. Makaa yaliyolifukuza tanga baharini, sasa yabebwa na tanga.

Liko jambo jingine ambalo huzidisha faida ya upepo, nalo ni kwenda polepole. Nguvu itakiwayo kusukuma meli haipandi sawasawa na mwendo; hupanda kwa haraka mno. Ukipunguza mwendo kwa sehemu 1 katika 10, nguvu ya injini yapungua zaidi ya robo. Safari yarefuka, lakini mafuta ya safari nzima yapungua karibu sehemu 1 katika 5. Na meli iendayo polepole haijitengenezei upepo mwingi wa mbele, basi pepo za ubavuni humfikia msaidizi wetu zikiwa katika pembe nzuri. Meli za nafaka, madini na makaa, ambazo hazina haraka, ndizo zipatazo faida zaidi.

Vizuizi havikosi. Kwenye meli za makasha sitaha yote imejaa mizigo, hapana pa kusimamisha mnara. Madaraja ya bandari nyingine ni ya chini kuliko mabawa, na mashine za kupakulia hugonga kitu chochote kirefu. Ndiyo sababu meli ya madini Sea Zhoushan, iliyoanza kazi mwaka 2021, ina minara mitano iwezayo kulazwa juu ya sitaha. Chuma nacho huchoka. Mwaka 2025 meli ya Kifaransa Neoliner Origin, yenye milingoti miwili, ilipovuka Atlantiki mara ya kwanza tanga lake moja liliharibika njiani. Ilifika Marekani, lakini ilifika imejeruhiwa.

Tena liko suala la njia. Meli ya injini tupu huchorewa mstari ulio mfupi. Meli yenye mabawa yafaa itafute upepo, hata kwa kuzunguka kidogo, na siku hizi kompyuta hupewa habari za hewa kutoka kwa setilaiti, zikamwonyesha nahodha ni njia ipi itakayomwokolea mafuta mengi bila kumchelewesha. Lakini chombo huonyesha tu. Mwenye kuamua ni mtu, naye apaswa kujua upepo ukizidi afanye nini, ayageuze mabawa au ayakunje, na meli ikilala aipe usukani kiasi gani. Vyuo vingi vya ubaharia viliacha kufundisha mambo hayo wakati matanga yalipoondoka. Maofisa wanaotumwa kwenye meli hizi hulazimika kujifunza upya yale ambayo manahodha wa majahazi, huko Lamu, Unguja na Sur, hawajayasahau.